Neno Lenye R Tatu

Niulize neno lolote refu la Kiingereza lenye L au R ndani yake, nitakuandikia sasa hivi bila kuinua kichwa. Agricultural. Preliminary. Irresponsible. Refrigerator, ambalo nilijua kuliandika miaka mingi kabla ya kuliona friji lenyewe kwa macho. Mpaka leo nayaandika pembeni mwa gazeti na nyuma ya karatasi za matangazo ya kanisa. Watoto wangu hunicheka, ati mama ameanza tena. Wacheke. Hawajui kwamba neno moja kati ya hayo lilimpotezea baba yangu kipande cha shamba, na kwamba kwa miaka kumi na moja nyumbani kwetu ilihesabiwa ni mimi niliyelikosea.

Kwetu ni Tetu, upande wa Nyeri. Sisi watu wa huko L hatukuzaliwa nayo. Lugha ya mama zetu haina kazi nayo, kwa hiyo ulimi ukiitafuta unaleta R iliyo karibu. Mtoto akisimama darasani kusema amesahau kalamu, alisema amesahau karamu, na mwalimu wetu wa darasa la saba alishika kiuno na kuuliza, "Karamu ya nani? Mbona mimi sikualikwa?" Darasa lilicheka mpaka madawati yakatikisika. Halafu yule aliyecheka kwa sauti zaidi ndiye aliyeambiwa asome sentensi inayofuata, naye akaanza, "Mwarimu arisema," na kicheko kikahamia kwake.

Mwalimu huyu alikuwa kijana aliyetoka chuoni miaka michache baada ya uhuru. Mfukoni mwa shati alibeba kalamu mbili, ya buluu na nyekundu, na shuleni petu hakuna mwingine aliyejua Kiingereza cha kumzidi. Alikuwa mwenyeji kama sisi, ila L alikuwa ameitafuta mpaka akaipata, naye alijivunia jambo hilo kupita kiasi. Akikasirika ilimtoka hata mahali isipotakiwa. Siku moja alimwita mwalimu mkuu "lafiki yangu" mbele yetu sote, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Ni yeye aliyeanzisha orodha. Kila Ijumaa alifungua kabati la darasa, akatoa kamusi kubwa iliyokuwa imepoteza jalada, na wanaotaka wakabaki kutafuta maneno. Masharti yalikuwa mawili: neno liwe refu, kuanzia herufi kumi, na ndani yake L na R ziwe zimekutana, au mojawapo ijirudie. Unaliandika kwenye daftari, unaandika maana yake kwa Kiswahili chako mwenyewe, si kunakili. Wiki ya kwanza tulibaki kumi na wawili. Kufikia wiki ya nne nilikuwa peke yangu, na sikuona ubaya wowote. Nilimpenda mwalimu yule jinsi mtoto anavyompenda mtu mzima anayemwambia ana akili. Alikuwa akisema, "Huyu atafika mbali," nami nilitembea nyumbani nikiurudia usemi huo kwenye matope yote ya njiani.

Nyumbani nilimsomea baba. Baba hakujua kusoma, lakini maneno marefu aliyapenda kama mtu anavyopenda ng'ombe wa jirani, kwa kuyatazama tu. Aliniita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Haya maitu, leta ya leo." Nikimsomea temporarily, kwa muda tu, alitikisa kichwa na kulirudia vibaya makusudi ili nimsahihishe. Siku niliyomsomea rehabilitation, hakulirudia. Aliniuliza maana yake. Nikamwambia nilivyoandika: kurekebisha mtu au kitu kilichoharibika.

"Ala!" akasema. "Kumbe. Hilo lilikuwa limeandikwa pale langoni. Nimepita chini yake kila asubuhi nikienda kuvunja mawe, na hakuna aliyeniambia ni mimi nimeharibika."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mama hakucheka. Baba alikuwa amewekwa na wakoloni kambini, kizuizini, wakati wa Hali ya Hatari, na alikaa muda mrefu kuliko wengi wa kijiji chetu kwa sababu walitaka ataje wenzake na yeye akakataa. Kila mtu Tetu alilijua hilo juu yake. Hakuwa na kitu kingine cha kujisifia, na hicho hakujisifia nacho, watu walimsifia wenyewe.

Alipokuwa huko kambini, ndipo mashamba yalipopimwa na kugawanywa upya. Aliporudi alikuta kipande chake cha chini, kile cha bondeni penye kijito ambapo mama alipanda nduma, yaani magimbi, kimeingizwa kwenye karatasi katika shamba la mtu mwingine, mtu wa upande wa pili wa kijito aliyekuwa na marafiki mahali panapofaa. Baba aliongea, alilalamika, akachoka. Hakuwa na shahidi.

Halafu asubuhi moja alikuja jirani yetu wa juu, mzee wa kofia ya kijivu. Huyu wakati ule alikuwa homugadi, yaani alibeba bunduki upande wa mkoloni, na yeye na baba hawakuwa wamesalimiana tangu baba arudi. Alisimama nje ya ua na kofia mkononi. Alisema, "Siku ile ya kupima mimi ndiye niliyeshika mnyororo. Mpaka wako najua ulikuwa wapi. Niko tayari kusema." Baba akamwambia mama aongeze maji kwenye chai. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na nilijua kwamba kitu kikubwa kimetokea pale langoni kwetu.

Jirani alitangulia kwenda kwa wazee wa kamati, akasema alilojua. Wazee wakaeleza kwamba sasa baba aandike barua, na bwana D.O., mkuu wa tarafa, atakuja na karani wake kusikiliza na kukata shauri. Barua iwe ya Kiingereza. Uhuru ulikuwa umekuja, lakini karatasi za ofisini zilikuwa bado hazijasikia.

"Tuko na mwandishi hapa hapa nyumbani," baba akasema, akanielekezea kidole.

Jamani, niliiandika barua ile! Niliiandika kwanza kwenye daftari langu la maneno, kurasa za nyuma, ili niinakili baadaye kwenye karatasi safi. Na neno nililokuwa nalo lilikuwa limenisubiri kwenye orodha tangu Ijumaa mbili zilizopita. Corroborate. R tatu, herufi kumi na moja. Maana yake nilikuwa nimeiandika hivi: kusimama na mtu na kusema, ndiyo, huyu anasema kweli. Nikaandika kwamba jirani yangu "corroborated before the elders, and he is ready to corroborate again." Yaani alithibitisha mbele ya wazee, na yuko tayari kuthibitisha tena. Niliona sentensi hiyo ni tamu mpaka nikaisoma mara tatu kwa sauti.

Nikaipeleka kwa mwalimu aiangalie. Alisoma akisimama, kalamu nyekundu ikiwa wazi. Alipofika pale akaguna.

"Mara ngapi nimewaambia? R, R, R! Ulimi wako umeingia mpaka kwenye kalamu." Akakata herufi tatu, akaandika tatu nyingine juu yake, L mbili na A. Mahali pote pawili. "Collaborate. Ni kushirikiana. Huyo jirani si anashirikiana na baba yako?"

Nikasema anashirikiana. Ningesema nini? Nilikuwa nimeliona lile neno kwenye kamusi kwa macho yangu, lakini yeye ndiye aliyekuwa bwana wa L na R, na mimi nilikuwa mtoto aliyesahau karamu nyumbani. Nikajiambia labda nilinakili vibaya. Akakata pia "the elders", akabakiza "before" peke yake, akasema sentensi ni ndefu mno, kamati wanajijua.

Jioni hiyo, jua likiwa halijazama, nilikaa mezani kunakili. Baba alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni. Aliona alama kwenye daftari akauliza, "Hii nyekundu ni ya nani?" Nikamwambia, "Ni ya mwalimu, baba. Amesahihisha." Akasema vizuri, akaenda kukamua.

Siku ya shauri tulikwenda ofisi ya chifu sote, baba, jirani, mimi nikiwa na sweta ya shule. Mwalimu pia alikuja, maana baba alimwomba awe karibu ikiwa Kiingereza kitatushinda. Kulikuwa na baridi na ukumbi ulijaa. Karani wa D.O. alikuwa kijana wa mbali, mwenye miwani, ambaye hakujua mtu yeyote pale wala hakujua nani alikuwa wapi wakati ule. Alisoma barua kwa Kiingereza, kisha akaifasiri kwa Kiswahili safi, sentensi moja moja, bila kuinua macho. Nilikuwa nimenyoosha shingo kwa fahari.

"Jirani yangu," akasoma, "alikuwa kibaraka wa wakoloni zamani, na yuko tayari kuwa kibaraka tena."

Sikujua kwamba lile neno la mwalimu ni pia la anayeshirikiana na adui, na kwamba "before" ikibaki peke yake ni zamani. Hakuna aliyecheka. Kama wangecheka, labda ingepita. Mzee wa kofia ya kijivu alimgeukia aliyekaa kando yake, akauliza amesema nini, akarudiwa kwa lugha yetu. Akainuka polepole.

"Nilikuja kwa miguu yangu mwenyewe," akamwambia baba. "Sikuitwa."

Akavaa kofia humo humo ndani, akatoka. Baba alimfuata hadi mlangoni akimwita, lakini yule mzee alikuwa tayari anapanda mlima, na hakugeuka. D.O. aliuliza kama kuna shahidi mwingine. Hakukuwa. Akauliza basi ni nani aliyeandika barua hii.

Nilifungua mdomo. Lakini mwalimu alinitangulia. "Ni huyu msichana," akasema, kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie. "Nilimwambia aniletee niikague kwanza. Hakuleta."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilimtazama usoni, naye alikuwa anatazama miwani ya karani. Nikasema, "Lakini mwalimu," na hapo mkono wa baba ukanishika bega na kunibana mpaka nikauma midomo. "Nyamaza," akasema. Nilifikiri ni adabu, mtoto habishani na mwalimu mbele ya wakubwa.

Faili lilifungwa siku hiyo hiyo. Msimu uliofuata mama aling'oa nduma alizokuwa bado akilima bondeni na kuzipanda juu, penye kukauka, ambapo zilikataa kuota.

Jumatatu mwalimu alikusanya madaftari yote ya orodha. Kabati likafungwa, kamusi ndani. Daftari langu sikuliona tena, na baada ya mwaka alihamishwa. Nyumbani nilijaribu kueleza, mara ya kwanza, mara ya pili. Baba alisema, "Hiyo ilikwisha." Hakunipiga wala hakunikaripia. Ningependelea anipige. Aliacha tu kuniita maitu. Nikawa "wewe". Wewe, lete maji. Wewe, funga ndama. Na kaka yangu aliyekuwa Nakuru alipoandika barua, baba aliiweka mfukoni na kutembea nayo hadi kwa katekista akasomewe, kilima kizima, na mimi niko jikoni nimekaa, msichana aliyejua kuandika refrigerator.

Watu walisema kwa utani, "Huyu ndiye Kiingereza chake kiliuza shamba." Jirani alifungua njia nyingine ya kupeleka maziwa ili asipite kwetu. Alikufa hivyo hivyo, hatusalimiani. Na jambo baya kuliko yote ni hili: kadiri miaka ilivyopita, nilianza kuamini. Nilikuwa nikilala nikijaribu kuiona ile nyekundu kwenye ukurasa na siioni. Nikajiambia labda niliiota, labda niliandika L mwenyewe, na mwalimu wa watu nikamsingizia moyoni bure.

Nilisoma hata hivyo. Nikawa mwalimu, nikapelekwa Kutus kufundisha darasa la nne. Kule nako R na L zilipigana vile vile, nami sikumcheka mtoto hata mmoja. Nilijua wakati huo tofauti ya yale maneno mawili. Nilikuwa nimeyatafuta siku yangu ya kwanza chuoni kabla hata sijafungua sanduku. Lakini kujua tofauti hakukuniambia ni mkono wa nani.

Ndipo nikakutana na mwalimu wangu yule kwenye semina ya walimu mjini Nyeri. Alikuwa amenenepa, ni mwalimu mkuu huko Naro Moru, na bado ana kalamu mbili mfukoni. Alifurahi! Aliwaambia wenzake, "Huyu ni mwanafunzi wangu. Hakuna neno asilolijua." Kisha akanivuta pembeni. "Pita nyumbani Jumamosi," akasema. "Niko na kitu chako."

Nikaenda. Mke wake alinipa chai na viazi vitamu. Yeye akaingia chumbani, akatoka na daftari langu. Jalada lilikuwa limekunjika, jina langu juu yake kwa mwandiko wa mtoto. Nilifungua kurasa za nyuma na zilikuwepo, herufi zangu za buluu, na zile tatu nyekundu juu yake. Mahali pote pawili.

"Niliangalia kwenye kamusi siku ile ile," akasema. "Ulikuwa sawa."

"Siku ile ile?"

"Ungenielewa. Nilikuwa mwaka wa kwanza kazini. Nilikuwa bado sijathibitishwa."

Alitumia neno hilo hilo, kuthibitishwa, na wala hakulisikia. Miaka kumi na moja nilikuwa nimetayarisha mambo ya kumwambia mtu huyu, ya Kiingereza na ya Kiswahili. Nikamaliza chai. Nikamshukuru mke wake. Kwa nini nilimshukuru, sijui mpaka leo.

Siku hiyo hiyo niliteremka hadi Tetu. Sikuwa na hasira njiani. Nilikuwa na furaha, niseme ukweli, furaha iliyonifanya nitabasamu na watu nisiowajua. Nilikuwa na ushahidi mkobani. Baba angeona kwa macho yake, na angejua kwamba haikuwa mimi.

Nilimkuta uani anachambua maharagwe ya mbegu kwenye ungo, nywele zimekuwa nyeupe. Sikumsalimia vizuri. Nilifungua daftari na kulishika mbele ya uso wake. "Baba, ona. Ona hii buluu, ni yangu. Hii nyekundu ni ya mwalimu. Ni yeye. Amenirudishia leo, amekiri mwenyewe."

Baba hakujua kusoma, lakini aliweka ukucha wake juu ya zile herufi tatu, akaupitisha taratibu.

"Hii naijua," akasema. "Si uliniambia? Ukiwa mezani pale. Nikauliza ni ya nani, ukasema ni ya mwalimu."

Nilikuwa nimesahau. Haki ya Mungu nilikuwa nimesahau kabisa kwamba aliuliza.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua kabla hatujatoka pale kwa chifu."

"Na ukaninyamazisha."

Alichagua haragwe moja lililotobolewa, akalitupa. "Mwalimu wa Kiingereza alikuwa mmoja. Wadogo zako watatu walikuwa bado wanapita mikononi mwake. Ningemwaibisha mbele ya D.O., angewafundisha kwa moyo gani? Na wewe ulikuwa wangu. Nilijua huendi popote." Akasogeza kiti kidogo cha miguu mitatu kwa mguu wake. "Kaa, maitu. Umetoka mbali. Mama yako ana uji."

Maitu. Miaka kumi na moja nililitamani neno hilo, na lilipokuja lilinikuta nimesimama. Sikukaa. Nilifungua kurasa za mbele, penye orodha, nikamsomea kama zamani, neno na maana yake, jinsi nilivyoandika nikiwa mtoto: kusimama na mtu na kusema, ndiyo, huyu anasema kweli.

Alisikiliza, akatikisa kichwa. "Ni neno zuri," akasema. "Na lile lingine? Lile lake lenye L?"

Nilimwambia. "Ni kushirikiana na waliowakosea watu wako. Kuwasaidia, na wewe unajua."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Mtu aliyekaa kambini miaka ile yote kwa kukataa kitu hicho kimoja tu. Nilimwona akilielewa. Nikafunga daftari, nikamwambia nitakosa gari la Kutus, nikatoka.